Uvumi Ulioingia Arusini



Hapa Kalima hakuna asiyeijua methali hii: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wengi wetu huitumia kama hakimu atumiavyo sheria. Mtu akitajwa kwa ubaya, jirani hutikisa kichwa na kusema, "Lisemwalo lipo," na hapo shauri limekwisha. Hakuna tena shahidi wala swali. Leo twataka kuipima methali hiyo kwa habari za mchezo mmoja wa kale. Ni mchezo wa mapenzi na wa kuchekesha. Lakini katikati yake msichana asiye na kosa anatukanwa mbele ya altare siku ya arusi yake, na baba yake mwenyewe anatamani afe. Tutaeleza mchezo huo ulitoka wapi, ulitungwa lini, una mambo gani ndani yake, na kwa nini unatuhusu sisi watu wa Maniema.

Waingereza wauita Much Ado About Nothing. Sisi tuliusoma kwa Kifaransa tulipokuwa seminarini, na huko waitwa Beaucoup de bruit pour rien. Kwa Kiswahili twaweza kusema: Kelele Nyingi kwa Jambo Lisilokuwako. Mtungaji wake ni William Shakespeare, aliyezaliwa Stratford katika Uingereza mwaka wa 1564 na kufariki mwaka wa 1616.

Hadithi ilikotoka

Mambo ya mchezo huu yatendeka Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sisilia, upande wa kusini wa Italia. Kisiwa hicho kiliona mabwana wengi. Mwaka wa 1282, siku ya Jumatatu ya Pasaka, wenyeji wa Palermo waliwaondokea watawala wao Wafaransa saa ya sala za jioni, wakawaua wengi. Mwaka ule ule Petro, mfalme wa Aragon katika Hispania, alivuka bahari na majeshi yake akaupokea ufalme wa Sisilia. Ndiyo maana twaona katika mchezo mkuu mmoja jina lake Don Pedro wa Aragon akifika Messina kutoka vitani, ingawa wenyeji wake ni Waitalia. Jina hilo ni kivuli cha mambo ya zamani zile.

Shakespeare hakuibuni hadithi yenyewe. Mwaka wa 1516 Mwitalia mmoja, Ludovico Ariosto, alitoa utenzi mrefu. Ndani yake mna habari ya binti wa mfalme wa Scotland aliyesingiziwa uchafu, kwa sababu mjakazi wake alivaa nguo za bibi yake akampokea mwanamume usiku, na mchumba wa binti alikuwa amefichwa mahali pa kutazamia. Baadaye, mwaka wa 1554, Matteo Bandello alitoa vitabu vya hadithi fupi. Huyu Bandello, wasomaji, alikuwa mtawa wa shirika la Mtakatifu Dominiko, na mwaka wa 1550 alikuwa amefanywa askofu wa Agen katika Ufaransa. Ni yeye aliyeiweka hadithi Messina, katika siku za Mfalme Petro wa Aragon. Kijana Timbreo amchumbia Fenicia, binti wa Lionato. Rafiki yake Girondo naye ampenda binti yule, na kwa wivu atengeneza hila: Timbreo aonyeshwa usiku mtu akipanda ngazi na kuingia nyumbani kwa Fenicia. Timbreo aamini, na uchumba wavunjika.

Shakespeare aliichukua hadithi hiyo akabadili mambo matatu makubwa.

La kwanza ni chanzo cha uovu. Kwa Bandello mwongo ni mtu apendaye. Anaharibu ndoa ya mwenzake ili ampate msichana yeye. Kwa Shakespeare mwongo ni Don John, ndugu wa Don Pedro kwa baba, mwana wa nje ya ndoa. Huyu hampendi mtu yeyote wala hatapata faida yoyote. Anachukia tu kuona wengine wakifurahi. Jambo hili latisha kuliko wivu, maana wivu waeleweka.

La pili ni mahali pa aibu. Timbreo wa Bandello alimtuma mtu nyumbani kwa baba wa msichana kusema kwamba hataki tena. Claudio wa Shakespeare ajua habari usiku, akaa kimya, avaa nguo za arusi, aenda kanisani, na hapo mbele ya padri na watu wote amrudisha msichana kwa baba yake kama mtu arudishavyo chungwa bovu sokoni.

La tatu, Shakespeare aliongeza watu. Aliwaweka Beatrice na Benedick, wagomvi wawili ambao tutawataja sasa hivi, na tena aliweka walinzi wa usiku, watu maskini wasiojua hata kusema sawasawa.

Ulitungwa lini

Wenye elimu wamepata njia nzuri ya kuujua mwaka. Mwaka wa 1598 mtu mmoja jina lake Francis Meres alichapisha kitabu, akataja ndani yake michezo ya Shakespeare aliyoijua. Mchezo huu haumo. Kisha, mwaka wa 1600, mchezo ulichapishwa peke yake, na ukurasa wa kwanza wasema ulikwisha kuchezwa hadharani mara nyingi. Katika chapa hiyo mna kosa dogo lenye faida kubwa. Mahali pengine ambapo palipaswa kuandikwa jina la Dogberry, mkuu wa walinzi, pameandikwa Kemp. Huyo Will Kemp alikuwa mchekeshaji mashuhuri wa kundi la Shakespeare. Basi twajua kwamba Shakespeare alipoandika maneno yale alimfikiria Kemp. Lakini Kemp aliliacha kundi lile mwaka wa 1599. Kwa hiyo mchezo ulitungwa kati ya mwisho wa mwaka 1598 na mwaka 1599. Tazameni jinsi ukweli unavyotafutwa: si kwa kuuliza watu wanasema nini, bali kwa kuweka ushahidi mmoja karibu na mwingine.

Siku zile wanawake hawakupanda jukwaani katika michezo ya watu wote. Msichana Hero, na Beatrice mwenye ulimi mkali, walichezwa na vijana wa kiume waliovaa nguo za kike. Na katika majira ya mwaka 1612 na 1613, Elizabeth binti wa mfalme wa Uingereza alipokuwa akiolewa na Frederick, mkuu wa Kijerumani, mchezo huu ulikuwa mmoja katika michezo iliyochezwa mbele ya wageni wa mfalme.

Hila njema na hila mbaya

Sasa tusimulie. Don Pedro afika Messina pamoja na kijana Claudio, na Benedick, na Don John. Leonato, mtawala wa mji, awapokea kwa shangwe. Claudio ampenda Hero, binti pekee wa Leonato, lakini aona haya kusema. Don Pedro amwambia: usiku wa ngoma, watu wakiwa wamevaa vinyago, mimi nitajifanya wewe, nimposee Hero kwa ajili yako.

Neno hilo lilisemwa bustanini. Mtumishi mmoja alipita akasikia nusu yake. Akaenda kutoa habari kwamba Don Pedro ataka kumwoa Hero yeye mwenyewe. Mzee Leonato akaambiwa hivyo na ndugu yake. Mtu mwingine, Borachio, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia, alisikia vizuri zaidi, akampelekea Don John. Naye Don John, usiku wa ngoma, akamnong'oneza Claudio kwamba mkuu amemnyang'anya mchumba; Claudio akaamini palepale. Tuhesabu, wasomaji: neno moja, masikio matatu, na habari tatu zisizopatana. Wala bado hatujafika kwenye uongo mkubwa. Mtumishi yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alisikia nusu, akajaza nusu nyingine kwa akili yake.

Mambo yale yalitengenezwa upesi, na Hero akaposwa kwa Claudio. Walipokuwa wakingoja siku ya arusi, Don Pedro alitaka kuchekesha watu. Benedick na Beatrice walikuwa kila wakikutana wanarushiana maneno, na kila mmoja ameapa kwamba hataoa wala kuolewa. Basi marafiki wakapanga. Walisimama bustanini karibu na mahali alipojificha Benedick, wakazungumza kwa sauti ya kutosha kwamba Beatrice anakonda kwa kumpenda, wala hathubutu kusema kwa kuogopa mzaha wake. Hero na mwanamke mwingine wakafanya vivyo hivyo karibu na Beatrice. Wote wawili wakanasa. Kila mmoja akatoka pale alipojificha akiwa mtu mwingine.

Hapa pana jambo la kufikiri. Hila iliyowaunganisha Benedick na Beatrice na hila iliyomwangamiza Hero ni za namna moja: mtu anafanywa asikie au aone kwa siri, naye anaamini kwa sababu anadhani hakukusudiwa. Tofauti yake ni nini basi? Sisi twaona hivi. Beatrice alipojificha alisikia makosa yake mwenyewe: kwamba ana kiburi, kwamba anawadharau watu. Alisikia, akaona haya, akajirekebisha. Claudio alisikia makosa ya mwingine; hakujirekebisha, alihukumu. Hatusemi kwamba uongo wa kuchekesha ni mzuri. Sisi ni walimu wa dini, twajua amri ya nane. Twasema tu kwamba sikio likipewa kosa la jirani hushiba upesi kuliko likipewa kosa la mwenye sikio.

Jina la mchezo lenyewe lina fumbo. Katika Kiingereza cha siku zile, neno la kusema "si kitu" na neno la kusema "kutazama na kutega sikio" yalitamkwa karibu sawa. Kwa hiyo waliosikia jina la mchezo walisikia maana mbili pamoja: kelele nyingi kwa jambo lisilokuwako, na tena kelele nyingi kwa sababu ya watu kuchungulia na kusikiliza.

Aibu kanisani

Usiku wa kuamkia arusi, Borachio alisimama chini ya dirisha la Hero akazungumza maneno ya mapenzi na Margaret, mtumishi wa Hero, huku akimwita kwa jina la Hero. Kazi hiyo Don John aliilipa vipande 1,000 vya fedha. Don Pedro na Claudio waliwekwa mbali, gizani, watazame. Shakespeare hatuonyeshi sisi tukio hilo. Twalisikia tu kwa maneno ya watu. Kwa hiyo hata sisi watazamaji twalijua kwa masimulizi.

Na hapa methali yetu nyingine yaanguka. Twasema kuona ni kuamini. Claudio aliona. Mkuu wake aliona. Waliona mwanamke dirishani, walisikia jina, na usiku ulikuwa mweusi. Macho yao hayakudanganya. Ila kabla hawajaona walikuwa wamekwisha kuambiwa watakachokiona.

Asubuhi yake Claudio akamtukana Hero mbele ya altare. Hero akazimia. Leonato, baba aliyemlea kwa miaka yote, hakumwuliza mtoto wake neno. Alisema: wakuu wawili wangesema uongo? Akatamani asifumbue macho tena. Watu watatu tu hawakuamini. Wa kwanza ni Beatrice, aliyekuwa akilala chumba kimoja na Hero mwaka mzima isipokuwa usiku ule mmoja. Wa pili ni Benedick, aliyesita na kuuliza. Wa tatu ni mtawa, Padri Francis, aliyekuja kufungisha ndoa.

Padri huyu hakusema mengi mwanzoni. Baadaye alieleza kwamba alikuwa kimya kwa sababu alikuwa akimtazama msichana usoni. Aliona damu ikipanda na kushuka, aliona macho yake, naye kwa uzee wake na kazi yake ya kusikia mioyo ya watu akajua kwamba hapa pana kosa. Kisha akamwuliza Hero mwenyewe: ni mwanamume gani wanayekusingizia? Katika kanisa lile zima, ndiye wa kwanza aliyemtendea mshitakiwa kama mtu mwenye kinywa.

Tukumbuke kwamba katika Uingereza nyumba zote za watawa zilikuwa zimefungwa na Mfalme Henry VIII kati ya miaka 1536 na 1540. Watazamaji wengi wa mchezo huu walikuwa hawajapata kumwona mtawa katika nchi yao. Na bado Shakespeare alimweka mtawa kuwa mtu mwenye busara kuliko wakuu wote.

Katika Maandiko twajua habari mbili zinazofanana na hii. Moja ni ya Susana, katika kitabu cha Danieli sura ya 13. Wazee wawili walimshitaki, na watu wote wakaamini kwa sababu walikuwa wazee na waamuzi. Kijana Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake: mliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Swali moja tu lilitosha. Nyingine ni ya Mtakatifu Yosefu. Naye alikuwa na mchumba, naye aliona jambo lisiloeleweka. Lakini Injili ya Matayo yasema hakutaka kumwaibisha. Alikusudia kumwacha kwa siri. Yosefu alikuwa na sababu kuliko Claudio, akanyamaza ili kuilinda heshima ya mwenzake. Claudio alinyamaza usiku kucha ili aibu iwe kubwa zaidi asubuhi.

Ukweli mlangoni

Kumbe ukweli ulikuwa umekwisha kujulikana kabla ya arusi! Usiku ule ule mvua ilinyesha kidogo. Borachio, akiwa amelewa, alijikinga chini ya paa akamsimulia mwenzake yote aliyotenda. Walinzi wa usiku walikuwa karibu, wakasikia, wakawakamata. Asubuhi Dogberry na mwenzake Verges wakaenda nyumbani kwa Leonato kumpasha habari. Lakini Dogberry ni mtu wa maneno marefu na ya kinyume. Apenda kutumia maneno makubwa asiyoyajua. Leonato alikuwa akiharakia kanisani. Aliwavumilia kidogo, akasema: wahojini ninyi wenyewe, mimi nina haraka. Akaenda. Ukweli uliachwa mlangoni, na uongo ukaingia kanisani pamoja na bwana arusi.

Mwisho wake mwajua utakuwa mwema, maana ni mchezo wa furaha. Padri alishauri itangazwe kwamba Hero amekufa, ili waliomsingizia waanze kuhuzunika. Walinzi wakawahoji wafungwa, na karani mwenye akili akaandika kila kitu. Borachio mwenyewe akaungama mbele ya wakuu, akawaambia kwamba wajinga hawa wamegundua jambo ambalo hekima yao wakuu haikuweza kuliona. Claudio akalia kaburini, akakubali kumwoa msichana mwingine asiyemjua, jamaa ya Leonato. Na utaji ulipofunuliwa, alikuwa Hero mzima. Beatrice na Benedick nao wakaoana, huku wakigombana. Don John, aliyekuwa amekimbia, akakamatwa.

Kiswahili na michezo hiyo

Msidhani kwamba mambo haya ni ya mbali na lugha yetu. Mwaka wa 1867, huko Unguja, mmisionari wa Kianglikana Edward Steere alichapisha kitabu kidogo, Hadithi za Kiingereza, chenye hadithi nne zilizotokana na michezo ya Shakespeare. Mmoja wao ni ule wa mfanyabiashara wa Venisi. Baadaye Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania na Mkatoliki, alitafsiri Julius Caesar mwaka wa 1963, na ule wa Venisi, aliouita Mabepari wa Venisi, mwaka wa 1969. Samson Mushi alitafsiri Makbeth mwaka wa 1968 na Tufani mwaka wa 1969. Na mwaka wa 2012 waigizaji kutoka Kenya walicheza London, kwa Kiswahili, mchezo wa wake wa Windsor, ambao nao una habari za mume mwenye wivu asadikiye asemwayo mkewe. Basi Kiswahili kimekwisha kuweza. Twatamani kuona siku moja vijana wa Kalima wakiucheza huu wa Messina. Dogberry tunao wengi wa kumwigiza.

Uvumi usio na mchezo

Lakini uvumi wa kweli haumaliziki kila mara kwa arusi. Kindu iko karibu nasi, na wazee waijua habari hii. Mwaka wa 1961 nchi yetu ilikuwa katika machafuko, Katanga imejitenga, na kila mtu mgeni alitazamwa kwa hofu. Tarehe 11 Novemba ndege mbili za Waitalia zilitua Kindu. Zilikuwa zikiwaletea vifaa askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Malaya. Watu wa ndege hizo walikuwa 13. Askari wa Kongo waliokuwapo waliwadhania kuwa ni Wabelgiji, askari wa Katanga waliokuja kwa hila. Wakawakamata, wakawaua wote 13. Miili yao ilirudishwa Italia mwaka uliofuata, wakazikwa Pisa.

Wale waliowaua waliona watu weupe wenye nguo za kijeshi, kama Claudio alivyoona mwanamke dirishani. Walikuwa wamekwisha kuambiwa watakachokiona. Tofauti ni kwamba hapakuwa na Padri Francis wa kusema: ngojeni, tuwaulize wao ni nani. Wala hapakuwa na utaji wa kufunua baadaye.

Nasi je?

Mji wetu ulikua kwa sababu ya bati. Kampuni ya Symétain ilichimba hapa tangu miaka ya 1930, na hata leo vijana wetu huenda machimboni kutafuta kasiterite, wakakaa huko miezi. Wachumba wao wabaki nyumbani. Kati ya machimbo na nyumbani hupita watu, na siku hizi hupita simu. Watu wa Kinshasa huuita uvumi radio trottoir, yaani redio ya kando ya njia. Redio hiyo haina saa ya kufunga.

Twaomba radhi kusimulia jambo moja ambalo twaona haya kulisimulia. Miaka michache iliyopita ndoa ya vijana wawili ilikwisha kutangazwa Dominika mbili. Kijana alikuwa machimboni. Akapelekewa habari kwamba mchumba wake ameonekana usiku akimpokea mwanamume aliyeshuka kwenye pikipiki, akamwingiza ndani na kubeba mzigo wake. Aliyesema hakusema uongo, ndivyo alivyoona. Dominika ya tatu kijana akatuma neno kwamba tangazo lisisomwe. Mji mzima ukasema: lisemwalo lipo.

Jumamosi yake, kabla ya Dominika hiyo, mzee mmoja alinzaye duka usiku alikuja kwetu. Mzee huyu husimulia kwa kuzunguka sana. Akitaka kusema habari ya jana huanzia habari za mwaka juzi. Sisi tulikuwa na mazoezi ya nyimbo, waimbaji wanangoja. Tulimwambia, "Mzee wetu, njoo Jumatatu tuzungumze vizuri." Akaitikia kwa heshima akaenda. Jumatatu alirudi, akatueleza kwamba mwanamume yule alikuwa mjomba wa msichana, aliyetoka Shabunda akiwa mgonjwa wa homa, naye mzee ndiye aliyemwonyesha njia. Tulikwenda pamoja naye kwa wazazi wa pande zote mbili. Wote walikubali kwamba ni kweli. Lakini msichana alisema neno moja tu: kwamba hawezi kuolewa na mtu ambaye hakumwuliza. Ndoa ile haikufungwa.

Tulipousoma tena mchezo wa Messina baada ya hayo, hatukuweza kumcheka Dogberry. Tulimwona Leonato mlangoni mwake, mtu mwema mwenye haraka, na tukajitambua.

Kwa hiyo, wapenzi wasomaji, methali yetu tuipe mahali pake. Kinachosemwa kipo, ndiyo, lakini pengine kipo kinywani tu. Mkiletewa neno juu ya mtu, mwulizeni mletaji: uliona nini kwa macho yako, na nini uliongezewa na mwingine? Kisha mwendeeni yule anayesemwa, mkamwulize yeye mwenyewe, kwa siri na kwa upole, kabla ya kumwambia mtu mwingine. Na mzee wa maneno marefu akija kwenu mkiwa na haraka, mpeni kiti. Nyimbo zaweza kungoja.